Bila Transfo

Watu wa Kikula wanapenda kuanza habari hii mwishoni, hospitalini, halafu wanatingisha vichwa na kusema, "Orpha alikuwa karibu kumuua mtoto wake mwenyewe." Nyamazeni kwanza. Orpha ni mimi, na ninaianza pale inapoanzia, kwa kaka yangu Carlos, maana bila yeye nisingejua kushika hata bisibisi.

Carlos alikuwa fundi wa umeme tangu mimi nikiwa msichana wa shule. Baba yetu alifanya kazi viwandani Panda mpaka alipostaafu, na alipofariki Carlos akaweka meza kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Kikula, akaanza kutengeneza redio, pasi na televisheni. Nilikuwa nikitoka shule nakaa ubavuni mwake. Kabla hajaniruhusu kugusa kitu chochote chenye umeme, alichukua kitambaa cha kichwa cha mama, akanifunga mkono wa kushoto mgongoni.

"Mukono moya tu," aliniambia. "Ukitia yote mibili, courant inapita mu moyo. Huu mwingine acha ulale."

Alinifunga hivyo kila siku mpaka mkono ukajifunza wenyewe. Hata leo nikifungua kifaa kilichochomekwa, mkono wangu wa kushoto unaingia mfukoni kabla sijauambia. Nilimpenda sana kaka yangu. Ninalisema hilo waziwazi, kwa sababu asiyelijua hataelewa hasira yangu.

Alikuwa pia kama baba kwa mtoto wangu. Mume wangu alikwenda Kolwezi kutafuta kazi, akapata kazi na mke wa kumpikia. Mtoto wetu Bénie alikuwa bado anatambaa. Carlos ndiye aliyembeba mabegani kwenda sokoni, ndiye aliyemfundisha baiskeli, na Bénie alipoanza kuimba vizuri, Carlos na mke wake Jenny ndio waliompeleka kwenye kwaya ya kanisa lao kule Panda. Ni kanisa la wokovu, la ngoma na maikrofoni. Mimi nimebaki Mkatoliki kama mama yangu, na sikufurahi. Nililisema hilo mbele za watu zaidi ya mara moja, maana mdomo wangu hauna mlango. Lakini mtoto alitaka kuimba, nikamwacha aimbe.

Sasa tuje kwenye taa.

Taa zilikuwa wazo langu. Watu walikuwa wanataka taa ndogo ya chumbani au chooni, ya kuchomeka ukutani na kuisahau, isiyokula umeme. Taa ndogo kama hizo zinataka volti chache, na ukutani kuna volti mia mbili na ishirini. Njia ya kawaida ya kuzishusha ni transfo: nyaya mbili za shaba zimezungushwa kwenye chuma, hazigusani, na umeme unavuka kutoka upande wa ukutani kwenda upande wa kifaa. Transfo ni nzito na ni ghali. Na ajabu ya mji wetu huu uliojengwa juu ya shaba ni kwamba transfo nzuri huipati, kwa sababu za zamani watu wamezivunja wakauza shaba yake kwa kilo.

Basi nikatengeneza taa zisizo na transfo. Mahali pake unaweka kapasita, sisi tunaiita condensateur, ile iliyotengenezwa kuvumilia umeme wa ukutani. Nilikuwa nazitoa kwenye televisheni zilizokufa. Inaubana umeme kama kidole kinavyobana mdomo wa mpira wa maji, unapita kidogo tu. Baada yake unaweka diodi, na kile kidude cha kuzuia volti zisipande, na taa inawaka. Kitu chote kinaenea kwenye kiganja.

Ubaya wake nitaueleza taratibu, kwa sababu ndio habari yenyewe. Ukiweka kipimo kati ya nyaya mbili zinazotoka mwishoni, kinasoma volti kumi na mbili, au tisa, kadiri ulivyopanga. Mtu anafurahi. Volti tisa si kitu, hata mtoto anaweza kuzishika. Kipimo hakijasema uongo, ila hakijaulizwa swali lote. Kati ya waya na waya ni tisa. Kati ya waya na wewe uliyesimama na miguu yako chini, unaweza kukuta umeme wote wa ukutani, kwa sababu transfo ya kuwatenganisha haipo.

Kwa hiyo niliweka sheria moja pale barazani, na Carlos aliikubali, tena alinisifu: hakuna waya unaotoka nje. Sakiti inaingia ndani ya plastiki, plastiki inajazwa gundi mpaka juu, hakuna skrubu ya chuma, kinachotoka ni mwanga peke yake. Na juu ya kila kisanduku niliandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu, SANS TRANSFO, yaani bila transfo, ili fundi yeyote atakayejaribu kukifungua ajue amekutana na nini.

Hapo ndipo Kifaransa kilipoingiza mguu wake. Kwao, sans ni "bila", na cent ni "mia". Kwenye karatasi ni maneno mawili, mdomoni ni neno moja. Mama mmoja muuza mboga za lengalenga alikuja kununua taa, Carlos akamsomea maandishi, na yule mama akashika kiuno.

"Cent transfo? Aka! Hii kintu kadogo hivi iko na transfo mia?"

Tulicheka mpaka Carlos akafuta machozi. Mimi nikamweleza yule mama kwamba ni "bila", si "mia", lakini yeye alikuwa ameshakwenda kuwaambia wenzake sokoni. Kesho yake wakaja wanawake wengine, wote wanataka taa ya transfo mia. Niliendelea kuwasahihisha. Carlos hakuwasahihisha tena.

"Juu ya nini unabasumbua?" aliniuliza. "Bantu banafurahi. Acha bafurahi."

Niliona ni utani wake wa kawaida. Kaka yangu alikuwa mtu wa kupendwa na watu, na anayetaka kupendwa na kila mtu hawezi kumwambia mtu yeyote hapana. Hilo nililijua. Sikujua lingeweza kumfikisha wapi.

Baada ya muda akaniletea ombi. Mchungaji wao, alisema, ana saa kubwa ya ukutani sebuleni, ya namba nyekundu, inayokula betri ile ya mraba ya volti tisa. Amechoka kununua betri. Nimtengenezee sakiti ya volti tisa, ndogo, ya kuingia ndani ya saa.

"Ile saa iko ya plastique yote, Orpha. Iko juu kabisa ku ukuta. Hakuna muntu ataigusa."

"Basi niletee, niifunge mwenyewe na gundi."

"Haiwezi kutoka pale, imeshikana na ukuta. Weye nipatie tu, mi nitajaza colle kulekule. Shi ni miye nilikufunza?"

Kweli alikuwa amenifunza. Nikaitengeneza, na niliitengeneza kwa upendo. Nikaiweka kwenye kisanduku cha plastiki, nikaandika SANS TRANSFO juu yake, nikamkabidhi ikiwa bado haina gundi. Akaniambia asante, akaibusu ile sakiti kwa mzaha, akaondoka nayo. Hakukuwa na saa. Hata leo nikikumbuka alivyonieleza zile namba nyekundu, natamani kumtupia kitu.

Ile Jumapili ilikuwa ya mvua. Nilikuwa natoka kwenye misa, bado niko mlangoni mwa kanisa nafungua mwavuli, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa kwaya ya Panda, analia, simwelewi. Nilichokishika ni neno courant, yaani umeme, na jina la Bénie. Nilipanda pikipiki bila kuuliza bei, na njia nzima nilikuwa nasema jina la mwanangu kwa sauti, na yule dereva hakugeuka hata mara moja.

Alikuwa hai. Nilimkuta kitandani, ametoa macho, kiganja cha kulia kimefungwa bandeji, midomo mikavu. Daktari alisema moyo wake wataendelea kuuangalia kwa siku kadhaa, lakini anaongea, anajua jina lake, tumshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa lugha zote ninazozijua.

Ilikuwa hivi. Kanisani kwao maikrofoni za kwaya zinapitia kwenye kifaa kidogo cha kuzipa nguvu, na kifaa hicho kinatumia betri ya mraba ya volti tisa. Siku hizo kilikuwa hakitumii betri, kilikuwa kimeunganishwa na kisanduku kinachochomekwa ukutani. Kwaya yao inavua viatu kabla ya kusimama mbele ya madhabahu, ni desturi yao, wanasema pale ni mahali patakatifu. Saruji ilikuwa imelowa kwa maji ya miavuli na miguu ya watu. Bénie alisogea mbele kuimba peke yake, akashika maikrofoni ya bati kwa mkono wake wote, na mkono ukagoma kuachia. Papa Barthélemy, shemasi mzee anayeangalia vyombo, ndiye aliyeruka akang'oa waya ukutani. Bila yule mzee ningezika.

Carlos alikuwa ameshafika hospitalini kabla yangu. Mchungaji pia alikuwepo, na Papa Barthélemy ameshika sashe nyeusi, ule mfuko wa plastiki. Mzee akakitoa kile kitu ndani ya sashe, akaniwekea mikononi kwa heshima, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Mama Bénie, tunaomba utuelezee. Bantu banasema hii ni kazi yako."

Nilikitambua kabla hajamaliza. Kisanduku changu cha saa. Nyaya mbili zinatoka nje, tupu, bila gundi hata tone. Nikainua macho kumtazama Carlos, nikingoja aseme. Nilikuwa na hakika atasema. Ningeapa kwa kaburi la mama.

Bénie alikuwa ananitazama kutoka kitandani.

"Mama," aliuliza, na sauti yake nzuri yote ilikuwa imebaki mkwaruzo, "ni weye ulitengeneza?"

"Ndani yake ni kazi yangu," nilimjibu, "lakini—"

Carlos akanikata. Aliweka mkono begani mwangu, mkono wa kaka, na akamgeukia mchungaji na macho yaliyojaa machozi. "Pasteri, ni dada yangu. Kazi ni yake, lakini hakufanya kwa kusudi. Muntu anaweza kukosa. Tumusamehe."

Tumusamehe! Alisimama pale akaniombea msamaha wa dhambi yake. Kama angenishtaki ningejua namna ya kujibu, ningepiga kelele na watu wangesikia pande mbili. Lakini utamjibu nini mtu anayekutetea huku analia? Mchungaji akafumba macho na kuanza kuomba, na kila mtu akainamisha kichwa, na mimi nimesimama na kile kisanduku mikononi kama mwizi aliyekamatwa akiwa na kuku. Nilianza kusema habari ya saa ya ukutani. Mchungaji akafungua macho, akasema kwa upole kwamba hajawahi kuwa na saa ya namba nyekundu. Carlos akainama, akatingisha kichwa polepole, kama anayesikitika kwamba nimeongeza uongo juu ya kosa.

Maombi yalipokwisha nikakitazama kile kisanduku vizuri, maana kitu nilichokitengeneza mimi kinaongea na mimi. Mbele palikuwa pameandikwa CENT TRANSFO. Neno TRANSFO lilikuwa mwandiko wangu. Neno la mbele lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe na kuandikwa upya. Onyo langu lilikuwa limegeuzwa sifa. Papa Barthélemy alithibitisha: fundi Carlos alipokileta, mchungaji alikionyesha kwa waumini, akasema kina nguvu ya transfo mia, na watu wakapiga makofi.

Halafu nikaiona fishi, kile kichwa cha waya kinachochomekwa ukutani. Kwenye ubavu mmoja wa ile fishi palikuwa na doa dogo la rangi ya waridi, la vernis, rangi ya kucha ya wanawake.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nieleze kwa nini. Katika sakiti ile, waya mmoja wa ukutani unakwenda moja kwa moja, haujakutana na kizuizi chochote, mpaka kwenye bati la maikrofoni. Fishi yetu ina miguu miwili inayofanana. Ukiichomeka hivi, waya unaofika kwenye maikrofoni ni ule mpole, na mtu anaweza kuimba mpaka Pasaka bila kuhisi kitu. Ukiigeuza juu chini, waya unaofika ni ule mkali. Fundi aliyeweka alama kwenye fishi ile aliweka ili ichomekwe upande mmoja siku zote. Yaani alijua. Alijua kwamba upande wa pili unaua, na akakiacha pale madhabahuni, mbele ya watu wasio na viatu.

"Nani alitia hii rangi?" niliuliza.

"Hatujue, Mama," alisema Papa Barthélemy. "Mi nilizani ni uchafu."

"Carlos?"

"Labda kuko fundi mwingine alikipitia," alisema kaka yangu, na hakunitazama. "Orpha, mutoto iko anateseka. Tuache mambo ya bilaumu."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile Jumapili. Jumapili nilimwogopea mwanangu kufa. Baada ya hapo nilimwona akiwa hai na ananikimbia. Maneno yalikuwa yametembea: Orpha hakupenda mtoto aimbe kwa walokole, si alisema mwenyewe hadharani? Basi akatengeneza kitu cha kumtisha, kikazidi kipimo. Watu walilisema hilo kwenye korido ya hospitali, si kwa kunong'ona, na Bénie alikuwa na masikio.

Nilimpelekea uji. Akageuza uso ukutani.

"Bénie, mtoto wangu. Nilitengeneza kwa ajili ya saa. Tonton wako Carlos aliniambia ni ya saa."

"Tonton hawezi, Mama." Alikuwa analia bila sauti. "Ulisema utanitosha mu ile kwaya. Ulisema, shi uko unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesema nitamtoa kwenye kwaya, kwa hasira, siku aliyokosa kunisaidia kuosha vyombo. Lakini tazama mzigo ulivyofungwa: maneno yangu upande huu, kazi ya mikono yangu upande ule, na kamba katikati ni machozi ya mjomba wake. Ningekuwa mtoto ningeamini mimi pia. Nilikuwa tayari kupoteza baraza, meza, jina, na wateja wote wa Kikula. Mtoto huyu sikuwa tayari. Nilichotaka ni kitu kimoja: ajue kwamba si mimi niliyeweka umeme kwenye mkono wake. Na mtu pekee aliyeweza kumwambia hivyo akaaminika alikuwa anakaa upande wa pili wa kitanda, anamlisha uji kwa kijiko, kwa sababu wangu umekataliwa.

Nilimngoja Carlos nje, karibu na bomba. Nilimwambia yote niliyoyaona kwenye fishi. Sikupiga kelele, hilo nalo lilinishangaza.

"Mwambie mutoto tu," nilimwomba. "Bengine wote baseme banavyotaka. Mwambie Bénie peke yake."

Alinawa mikono kwa muda mrefu. "Yeye iko ananiamini, Orpha. Unataka abakie na nani? Baba hana. Unataka abomoke yote?"

"Iko na mama."

"Utamupata tena. Mutoto hawezi kukataa mama siku zote. Lakini miye, akinikataa, ni mwisho."

Alisema hivyo akiniangalia usoni, na nadhani aliona ni maneno ya busara. Nilimtazama nikatafuta yule aliyenifunga mkono kwa kitambaa. Sikumwona. Nilimwambia asikanyage tena barazani kwangu, akasema baraza ni ya mama yetu, na akarudi ndani kumlisha mwanangu.

Nimesahau kusema Jenny alikuwa wapi. Wifi yangu anafanya biashara ya samaki. Ijumaa kabla ya ajali alikwenda Tshangalele kununua, mvua ikaharibu njia, akakwama huko kijijini kwa wavuvi, simu haina chaji. Alifika mjini Alhamisi, na habari akazipata njiani kutoka kwa watu. Hakupita nyumbani. Aliingia hospitalini na mfuko wa samaki wa moshi kichwani, matope mpaka magotini, anaita jina la Bénie tangu kwenye korido.

Tulikuwa wote chumbani. Papa Barthélemy alikuwa amekuja kumwangalia mgonjwa, kama alivyofanya kila siku, maskini, anakaa kwenye stuli. Carlos alikuwa na bakuli la uji mapajani. Mimi nilikuwa karibu na dirisha, mahali nilipokuwa nimezoea kusimama, mbali na kitanda.

Jenny akatua mfuko, akamkumbatia Bénie, akambusu ile bandeji. Halafu akamgeukia mzee na hasira ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Papa Barthélemy! Ulichomeka bila kuangalia kadoa?"

"Kadoa gani, Mama?"

"Kadoa ka vernis! Kadoa kaangalie juu, siku zote juu! Shi njo maana natangulia kufika ku kanisa kila dimanche, nachomeka miye mwenyewe? Carlos aliniambia tangu siku ya kwanza: ni weye tu utachomeka, usiache muntu mwingine. Alikamata vernis yangu akatia alama mbele yangu. Kama njia haingekatika ningekuwa pale, mutoto asingepata hata..."

Nadhani aliona nyuso zetu. Akamtazama mume wake, akanitazama mimi, akatazama kile kisanduku kilichokuwa bado kwenye sashe yake chini ya kitanda. Jenny ni mtu mwema, hakuwa na habari ya saa wala ya msamaha nilioombewa. Aliambiwa kadoa kaangalie juu, akakaangalia. Akajifunika mdomo kwa kiganja chenye matope.

"Shemeki," aliniambia kwa sauti ndogo, "aliniambia weye unajua."

Nilikuwa namtazama Bénie. Mtoto alikuwa anahesabu jambo kichwani, ilionekana, macho yake yalikwenda kwa Jenny, yakarudi kwa Carlos, yakabaki hapo. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani kati yao. Alikisogeza pembeni kwa mkono wake mzima, taratibu, uji usimwagike.

"Tonton. Tantine Jenny ulimuambia."

"Bénie, kula kwanza."

"Na miye?"

Carlos akarudisha kijiko kwenye bakuli. Alikuwa mtu wa maneno, kaka yangu, hakuna aliyewahi kumwona akiyakosa. Siku ile aliyatafuta hata kwenye uji.

"Tantine anaimbaka nyuma kabisa," Bénie alisema. "Yeye hakamataka mikro. Miye njo nilikuwa nakamata. Juu ya nini miye haukuniambia?"

Mzee Barthélemy alikuwa ameinamisha kichwa. Jenny alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimeushika ukingo wa dirisha, mkono mmoja, na wa kushoto uko mfukoni.

"Ungemuambia mama yako," alisema Carlos.

Ni kweli. Angeniambia siku ileile.